Uzoefu Hauliwi!

Wadau, kuna neno moja limenichosha masikio. Neno lenyewe ni UZOEFU. Siku hizi ukimwomba mtu kazi, anakupa uzoefu. Ukimwomba nauli, anakupa uzoefu. Ukimuuliza mbona ni saa tatu usiku, bado tuko hapa na hatujala tangu asubuhi, anakutazama kwa huruma, kama anayemtazama mtoto asiyejua thamani ya sadaka, halafu anasema: "Lakini si mnapata uzoefu?" Jamani! Uzoefu hauliwi. Uzoefu haupandi daladala, na mwenye nyumba ukimpelekea mwisho wa mwezi hatoi risiti.

Leo nataka kuusema huu usanii kupitia mahali nilipouona kwa macho yangu mawili: uendeshaji wa mashindano ya gofu. Najua kuna watakaoguna. Mtu wa Kilangali na gofu, wapi na wapi? Kwa msioijua, Kilangali ni kata katika wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, upande wa kuelekea Mikumi. Kwetu ni mpunga na mahindi, na uwanja wa michezo tunaoujua ni ule wenye magoli mawili ya miti. Nilipomweleza bibi yangu kwamba mjini kuna watu wanapanda nyasi, wanazimwagilia, wanazikata kwa mashine, na hakuna ng'ombe anayeruhusiwa kuzigusa, alicheka mpaka akashika mbavu. Kilosa, wilaya ambayo wakulima na wafugaji wamegombea malisho miaka nenda miaka rudi, unamwambia mtu kuna nyasi za kutazama tu!

Lakini sina ugomvi na nyasi, wala sina ugomvi na gofu. Mchezo wenyewe ni mzuri, una adabu, na ukiuelewa unanoga. Ugomvi wangu ni na namna tunavyouendesha kwa jasho la vijana wasiolipwa, halafu jioni tunasimama jukwaani kuwashukuru "wote waliofanikisha".

Klabu siitaji, kampuni siitaji, mji siutaji. Sababu ni kwamba ukimtaja mmoja, wengine kumi watajifuta jasho na kusema afadhali si sisi. Na huu si mchezo wa mtu mmoja.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Wengi tukiona habari ya gofu gazetini tunaona picha ya mtu mwenye kofia ameshika kombe, pembeni meneja masoko anatabasamu, nyuma yao bango la mdhamini. Hatujiulizi nani alipanga fulani acheze na fulani. Ngoja nitoe darasa fupi.

Shindano la wikiendi moja huanza wiki kadhaa kabla. Majina yanaingia kwa simu, kwa WhatsApp, na kwa vikaratasi vilivyochanwa kwenye daftari. Kila jina lazima liwe na hendikapu yake, yaani ile idadi ya mikwaju anayopunguziwa mchezaji kulingana na uwezo wake. Ukikosea hapo umeharibu shindano. Kisha unapanga makundi, watatu watatu au wanne wanne, kila kundi na saa yake ya kuanza. Au kama wote wanaanza kwa pamoja, kila kundi na shimo lake. Hapo ndipo simu zinapochachamaa. Huyu hataki kucheza na yule. Mheshimiwa atachelewa. Mgeni wa mdhamini lazima awe kundi moja na nahodha. Unapanga, unapangua, unapanga tena.

Siku yenyewe unafika gizani. Unabeba katoni za maji mpaka shimo la mbali kabisa. Unachomeka kibao cha kuandika jina la aliyeupeleka mpira karibu zaidi na shimo. Unagawa kadi. Wachezaji wakirudi unapokea kadi zao, unaangalia kama zina sahihi ya mchezaji na ya yule aliyemwandikia, unajumlisha mashimo 18, unatoa hendikapu, na wawili wakifungana unarudi kuhesabu mashimo tisa ya mwisho ili ujue nani kamzidi mwenzake. Yote hayo huku mshereheshaji anakupungia mkono kwamba mgeni rasmi ana haraka.

Msidhani ni mambo ya kujaza karatasi tu. Mwaka 1968, kwenye mashindano ya Masters kule Augusta, Marekani, Roberto De Vicenzo wa Argentina alipiga mikwaju 65 siku ya mwisho. Aliyekuwa akimwandikia kadi, Tommy Aaron, akaandika 4 kwenye shimo la 17 badala ya 3. De Vicenzo akasaini bila kugundua. Sheria za gofu hazina huruma: akahesabiwa 66, akakosa nafasi ya kurudi uwanjani kumaliza ubishi na Bob Goalby, na Goalby akavikwa koti la kijani. Tarakimu moja tu! Kwa hiyo anayekaa mezani na kadi za watu ameshika ushindi wa watu.

Kazi hiyo ndiyo tuliyoachiwa sisi vijana watatu wa mafunzo, au vijana wa fildi kama tunavyoitana wanachuo. Wiki sita. Malipo: fulana mbili zenye nembo ya mdhamini, kofia, na cheti. Fulana zenyewe tulitakiwa kuzivaa kazini, kwa hiyo hata hilo vazi lilikuwa tangazo lao lililotembea juu ya mgongo wangu.

CHUJIO

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye hoja.

Katika watatu wale, mimi nilikuwa na shangazi mjini, nikalala sebuleni kwake. Wa pili alikuwa anakaa kwao, anaamkia chai ya mama yake. Wa tatu alitoka Dumila, huko huko kwetu wilaya ya Kilosa, na alikuwa amepanga chumba pamoja na wenzake. Kati yetu yeye ndiye aliyekuwa mwepesi wa hesabu. Sisi tulikuwa tunatafuta kalamu, yeye keshajumlisha kichwani. Wiki ya tatu akaacha kuja. Hakuugua, hakugombana na mtu. Nauli ya magari manne kwa siku ilimshinda.

Aliulizwa kitu? Hapana. Ofisini ikasemwa kwamba "vijana wa siku hizi hawana uvumilivu". Siku mbili baadaye nafasi yake ikachukuliwa na kijana mwingine, mpwa wa mtu, aliyekuwa anashushwa na gari mpaka mlangoni. Si kijana mbaya, na wala simlaumu. Lakini hesabu za kadi tukawa tunamrudia mara mbili mbili.

Ndiyo maana nasema kazi ya bure ni CHUJIO. Tunaambiwa inawachuja wavivu ili wabaki wenye moyo. Uongo mtupu! Inawachuja wasio na shangazi. Anayebaki si mwenye kipaji wala mwenye nidhamu. Ni yule ambaye kuna mtu mwingine anamlipia chakula, malazi na nauli. Kwa maneno mengine, wapo wazazi, mashangazi na wajomba nchi hii wanaowadhamini wadhamini. Shangazi yangu, muuza vitumbua, alitoa ruzuku kwa kampuni yenye jengo la ghorofa. Jina lake halikuwemo kwenye lile bango.

Na matokeo yake tunayaona. Baada ya miaka kadhaa tunajiuliza mbona ofisi za michezo, za matangazo, za benki, zimejaa watoto wa mitaa ile ile. Tunasema watoto wa mikoani hawajiamini, hawajui kujieleza. Wataonekana wapi, wakati waliondolewa mlangoni na nauli?

MCHEZO UNAOJUA HAKI

Kinachoniuma zaidi ni kwamba uonevu huu unafanyika ndani ya gofu. Gofu, wadau! Sijui mchezo mwingine uliokaa chini ukafikiri kwa makini kiasi hicho namna ya kumfanya mdogo apambane na mkubwa kwa haki. Kwenye soka, Simba akikutana na timu ya mchangani hakuna anayeanza na magoli mawili mkononi. Kwenye gofu ipo hendikapu. Mwenye hendikapu ya 18 akipiga mikwaju 90, unamtolea 18, anabaki na 72. Anaweza kumshinda bingwa wa klabu mchana kweupe na hakuna atakayesema kabebwa. Mwaka 2020 dunia ilianza kutumia mfumo mmoja wa hendikapu, ili mtu wa Moshi na mtu wa Scotland wapimwe kwa kipimo kimoja.

Yaani watu hawa wanaelewa kabisa kwamba binadamu hawaanzii mahali pamoja! Wanaelewa kwamba haki si kuwapa wote masharti yale yale, bali kuangalia kila mmoja ametokea wapi. Wana hesabu zake na kamati zake. Lakini wakivuka kutoka kwenye majani kuingia ofisini, yote wanayasahau. Mtoto wa Dumila na mtoto wa mjini wanaambiwa: masharti ni sawa kwenu wote, hakuna malipo. Hiyo si sawa. Huko ni kumwambia mwenye hendikapu ya 18 acheze na bingwa bila kupunguziwa hata mkwaju mmoja, kisha umcheke akishindwa.

HATA MBEBA MFUKO ANALIPWA

Kuna jambo jingine. Gofu ina shule yake ya kale, nayo si chuo kikuu. Ni kubeba mifuko ya fimbo za wachezaji. Kijana anabeba mfuko, anatembea mashimo 18, anajifunza upepo, anajifunza mteremko, anajifunza hasira za mabosi. Wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa hapa Tanzania walianzia huko. Jirani zetu Kenya wana Dismas Indiza, mtoto wa Mumias, nchi ya miwa kama ilivyo kwetu ukivuka Mikumi kuelekea Kidatu. Alianza kwa kubeba mifuko, akaja kuwa miongoni mwa majina makubwa ya gofu ya kulipwa Kenya. Seve Ballesteros, aliyeshinda Kenya Open mwaka 1978, naye alikuwa mbeba mifuko utotoni kwao Hispania.

Sisemi wabeba mifuko wanalipwa vizuri. Hapana, hilo nalo lina kesi yake. Ninachosema ni kwamba mbeba mfuko akimaliza mzunguko anatia kitu mfukoni siku hiyo hiyo, NA uzoefu anaupata. Hakuna anayemwambia achague kimoja. Inakuwaje basi kijana aliyekaa mezani akishika kadi za shindano zima aonekane amelipwa tayari kwa kuwa "anajifunza"? Hivi kujifunza ni jambo la kukatwa kwenye mshahara?

Kwetu Kilangali ukimwita mtu akusaidie kupandikiza mpunga kwenye jaruba lako, jioni unamlipa. Huna hela? Unampikia ale ashibe, na siku ya shamba lake ikifika nawe unainama kwenye tope. Aliyekuamia ndege mpunga ulipokuwa unaiva, siku ya kuvuna ana fungu lake. Hatujasomea utawala wa rasilimali watu. Ni aibu ya kawaida tu: huwezi kumtumia mtu kutwa nzima kisha ukamwambia amefaidi kwa kuona unavyolima.

Mchezo huu una historia ya kumwacha mtu nje hata pale anapokuwa ndiye mwenye siku. Mwaka 1963 kule Durban, Afrika Kusini, Sewsunker "Papwa" Sewgolum, Mhindi aliyeanzia kubeba mifuko na aliyekuwa ameshatwaa ubingwa wa wazi wa Uholanzi mara mbili, alishinda Natal Open. Kwa kuwa hakuwa mzungu hakuruhusiwa kuingia kwenye jengo la klabu. Akakabidhiwa kombe lake nje, mvua inanyesha, huku wazungu wako ndani pakavu. Picha yake ilizunguka dunia na kuiaibisha nchi ile. Sifananishi kukosa posho na ubaguzi wa rangi, msinielewe vibaya. Nasema tu kwamba mlango wa klabu unaweza kufungwa kwa sheria, na unaweza kufungwa kwa nauli. Anayebaki nje analowa vile vile.

"LAKINI GOFU HAINA HELA..."

Najua majibu yanayokuja, nimeshayasikia yote.

La kwanza: gofu ya Bongo ni changa, wadhamini ni wachache, ukiwabana watakimbia. Sawa, viwanja vyetu ni vya kuhesabu na wadhamini si wengi. Lakini shindano lile lilikuwa na hela ya hema, hela ya muziki, hela ya mshereheshaji, hela ya mabango, hela ya friji na televisheni za zawadi, hela ya vinywaji mpaka usiku. Na waandishi wa habari waliofika saa kumi jioni wakakaa saa moja na nusu, waliondoka na bahasha ya "nauli". Nauli! Mtu wa saa moja na nusu kapewa nauli, mtu wa wiki sita kapewa cheti. Kwa hiyo msiniambie hela haikuwepo. Hela ilikuwepo, sisi ndio hatukuwemo kwenye bajeti.

La pili: hata wajumbe wa kamati ya klabu wanajitolea. Kweli kabisa, na nawaheshimu. Ila kujitolea ni kwa mwenye nacho. Mjumbe wa kamati anajitolea Jumamosi kwa sababu Jumatatu ana mshahara. Zaidi ya hayo, ni mchezo wake, klabu yake na rafiki zake. Mimi Jumatatu nilikuwa pale pale, na klabu si yangu. Ukimpa mtu muda wa kufika, muda wa kuondoka, bosi wa kumfokea na fulana ya lazima, hujapata mtu wa kujitolea. Umeajiri, ila hujalipa.

La tatu, na hili ndilo linalonichekesha kwa uchungu: wanafunzi wa fildi wanapewa hela na Bodi ya Mikopo. Wadau, someni jina la hiyo bodi tena. Bodi ya MIKOPO! Ile hela ya mafunzo kwa vitendo si zawadi, ni deni. Tangu sheria ilivyobadilishwa mwaka 2016, mnufaika akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe. Sasa fanyeni hesabu polepole. Mwanafunzi anakopa serikalini ili apate nauli ya kwenda kumfanyia kazi bure mfanyabiashara, kisha anakuja kulilipa deni hilo kwa miaka. Mfanyabiashara ndiye aliyekopeshwa. Mwanafunzi ndiye anayelipa. Na huyo ni yule mwenye bahati ya kupata mkopo. Asiyepata, na yule aliyekwisha hitimu na anazunguka na bahasha ya vyeti, hao wanategemea mashangazi.

La nne: mbona wewe leo ni mwandishi, si ule uzoefu ulikusaidia? Ulinisaidia, ndiyo. Nilijifunza kukagua kitu mara tatu kabla ya kukiamini, na kwa kazi hii ni mtaji. Lakini ningejifunza hayo hayo tumbo likiwa limeshiba. Na mtu wa kuulizwa si mimi niliyepita kwenye chujio. Muulizeni aliyebaki juu yake. Waliofika ng'ambo kwa mtumbwi mbovu si ushahidi kwamba mtumbwi ni mzima.

WENZETU WAMEWEZAJE?

Tusijidanganye kwamba duniani kote ndivyo ilivyo. Huko Marekani, Chama cha Gofu, USGA, tangu mwaka 1991 kina mpango unaoitwa kwa jina la P.J. Boatwright, aliyekuwa mkubwa wa sheria na mashindano katika chama hicho. Mpango huo unatoa fedha kwa vyama vya gofu vya majimbo na mikoa ili viwachukue vijana wanaotaka kujifunza kuendesha mashindano, na vijana hao WANALIPWA. Kazi yao ni ile ile niliyoieleza hapo juu: kupanga makundi, kuandaa uwanja, kupokea kadi. Wengi wamebaki kwenye mchezo na kuwa viongozi wake. Kumbe wale waliona mbali: ukitaka wasimamizi hodari kesho, leo usiwafukuze kwa njaa.

Mtasema Marekani ina hela. Basi tubaki nyumbani. Mwaka 2017 serikali yetu ilitoa mwongozo wa taifa wa mafunzo ya utarajali, ili mafunzo kazini yawe na utaratibu, yasiwe holela. Karatasi tunazo. Tatizo la Tanzania halijawahi kuwa karatasi.

Na gofu yetu yenyewe inaonesha kwamba ikitaka inaweza. Mwaka 2024 yalianza mashindano ya Lina PG Tour, ya kumuenzi marehemu Lina Nkya, aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya wanawake. Yanazunguka viwanja mbalimbali nchini na wachezaji wa kulipwa wanashindania fedha. Watu walikaa, wakasema hawa vijana wetu wanaoishi kwa gofu lazima waone hela ya gofu. Safi sana! Nami nasema twende hatua moja mbele. Hoja ile ile inamhusu mchezaji na inamhusu anayemhesabia.

NAPENDEKEZA HIVI

Kulalamika bila kusema nini kifanyike ni kupiga soga. Kwa hiyo:

Kwanza, posho ya vijana wanaoendesha shindano iandikwe kwenye bajeti KABLA ya makombe, muziki na mabango. Nauli, chakula, na ujira wa siku. Hela ikipungua, ipunguzwe friji moja. Mshindi wa tatu hatakufa kwa kupewa feni.

Pili, Chama cha Gofu Tanzania, TGU, na kile cha wanawake, TLGU, vifanye hilo kuwa sharti. Shindano lisilokuwa na fungu hilo lisiingizwe kwenye kalenda. Chama kinachoweza kumwondoa mchezaji kwa kadi isiyo na sahihi hakishindwi kumbana mdhamini.

Tatu, nafasi zitangazwe wazi, vyuoni na mitandaoni, na hesabu ya kadi iwe ndio usaili. Mpe kila mwombaji kadi kumi zenye makosa mawili, uone nani anayaona. Hapo mpwa wa mtu na mtoto wa Dumila watakuwa wamesimama kwenye shimo moja.

Nne, majina ya vijana hao yaandikwe kwenye karatasi ya matokeo, kama waamuzi wa soka wanavyotajwa. Cheti kinachosema "alishiriki" hakimwambii mwajiri chochote.

Tano, na hili ni letu sisi wa kalamu. Tusijifanye malaika. Vyumba vya habari Bongo vimejaa vijana wa fildi wanaoandika habari zinazotoka bila majina yao na bila ujira. Hatuwezi kuwanyooshea kidole watu wa gofu huku chumba cha pili kwetu mambo ni yale yale. Wahariri, mmesikia. Na siku tunapokwenda kwenye hafla ya zawadi, kabla ya kuuliza bingwa anajisikiaje, tumuulize mdhamini swali moja jepesi: wale vijana wenye fulana zako, wamelipwa shilingi ngapi?

Ulizeni tu. Mtaona tabasamu linavyopotea!

Kijana wa Kilosa haombi abebwe. Anaomba kile ambacho gofu inampa kila mwanachama wake Jumamosi asubuhi kabla hajapiga hata mpira wa kwanza: kuhesabiwa kwa haki kutoka pale alipoanzia. Akishalipwa ujira wake, huo uzoefu mpeni pia. Ataupokea kwa mikono miwili.

Alamsiki.